Siku Niliacha Boti ya Bukavu Iende

Mwanangu, kuko asubuhi moja haitokaka mu kichwa yangu. Niko ku bandari ya Goma, begi ku bega, hasira imejaa mpaka ku masikio. Nilikuwa na miaka trente-quatre, makumi tatu na ine. Ku basketi ile ni uzee. Vijana walikuwa wananiita muzee na ndevu zangu bado nyeusi.

Kontra yangu, mukataba wa kucheza, na ekipe yetu ya Majengo, hapa Goma, ilikuwa imeisha. Bukavu, ekipe ya jina kubwa, walikuwa wananitaka. Butembo, ekipe ya watoto tu, nao walikuwa wananitaka. Majengo walitaka nibakie. Nilipaswa kufikiri wiki nzima. Lakini kocha wetu alisema mbele ya vijana: "Huyu magoti yake yameisha." Mimi! Mwenye nilitoa mawe ya volkano ku ule uwanja na mikono yangu! Palepale nilipigia Bukavu telefone: "Kesho niko kwenu." Sikuuliza kitu. Hasira hasara, ndiyo, leo ninaijua.

Papa Kasereka, muzee mwenye alinifundishaka kurusha balo tangu tulikuwa wakimbizi mu kambi ya Mugunga, alinikuta nakata tiketi ya boti.

"Weye, nani anakufukuza?"

"Hakuna, papa."

"Ulisikia masasi ya bunduki?"

"Hapana."

"Sasa juu ya nini unabeba begi kama mutu wa vita? Na kiatu moja haujafunga!"

Wamama wenye kuuza samaki za sambaza walicheka. Mimi niliinama kufunga kiatu. Sisi watoto wa hapa, mwanangu, tulijifunza kuhama mbele ya kujifunza kukaa. Unasikia kelele, unafunga godoro, unafuata kundi. Fasi ya kulala utaijua kule mbele. Ile akili ilituokoa. Lakini ile siku nilikuwa nachagua ekipe vile mutu anachagua kambi.

"Kwenda mbio si kufika," papa akasema. "Waulize wanakutakia nini."

Nilipigia Bukavu tena. Kocha wa Bukavu alizunguka-zunguka, halafu akatoboa: "Muzee, ku poste yako, fasi yenye unachezaka, tuko na watu wawili. Tunataka tu usiende kwa wenye tunapambana nao." Waliisha kuniweka ku benchi na sijafika! Boti ikapiga honi, ikaenda.

Nikapigia Butembo. "Vijana wetu wako na urefu," wakasema, "ila hawana mutu wa kuwaonyesha fasi ya kusimama. Utacheza, utafundisha." Ile ndiyo kazi yangu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nikawaitikia, lakini nilirudia Majengo kwanza, niage. Tulikaa na kocha, tukagombana vizuri, kasiksi, pombe ya ndizi, ikapita, tukapeana mukono. Siku ya safari ekipe yote ilinisindikiza. Nilicheza Butembo saizoni tatu, na haya magoti! Ata leo, mutu akitukana Majengo mbele yangu, atafute njia ya kutokea.

Basi sikia. Siku watu watakutaka fasi mingi, usiingie mulango wa kwanza juu ya vile mutu mumoja amekuumiza. Kaa chini. Uliza utafanya nini kule, na nani. Mwenye alikukosea, mwambie ku macho, halafu uage. Mwenye aliaga anarudiaka na mulango wa mbele. Mwenye alikimbia anapitiaka nyuma ya nyumba.

Mungu akupe miguu ya nguvu na kichwa ya kupoa. Kila fasi utaenda, ukute watu wanakungojea, na uache wengine wanakulilia.