Viti Vitano Chini ya Turubai

Nilikuwa nimemaliza mwaka mzima katika klabu ndipo nikagundua kwamba kwenye picha zote za safari zetu mimi simo. Tulikwenda kuona Nile, tukaenda kushangilia mpira Onduparaka, tukachoma nyama mara mbili kwenye shamba la mwenyekiti, na kila mahali ni mimi niliyeshika simu za watu. "Fundi, tupige sisi na watoto." Nawapiga. "Moja tena, mzee alifumba macho." Nawapiga tena. Sikuumia hata kidogo. Napenda kuona familia inavyojipanga, wakubwa nyuma, wadogo mbele, mmoja kila mara anaangalia pembeni.

Klabu hiyo, hapa jijini Arua, ni ya watu wa maofisi na wenye maduka. Mimi niliishia darasa la saba, nina cherehani moja sokoni. Waliniingiza kwa sababu nilishona sare zao. Katibu, mama mmoja mcheshi, alisema mtu aliyetupima viuno sote hafai kuachwa nje, maana anajua siri nyingi. Nikacheka, nikajaza fomu.

Kisha ikatangazwa siku ya familia. Kila mwanachama aandike atakuja na watu wangapi, naye atawekewa meza yake chini ya turubai. Nikaandika: tuko watano. Mimi, mama yangu, shangazi zangu wawili na dada yangu mkubwa, wote wanakaa Kuluba, huko Koboko. Nilinunua kitenge cha rangi ya machungwa chenye ndege weusi, nikashona magauni matano ya mtindo mmoja, manne nikayatuma Koboko. Usiku nilikuwa nalala nikiona hiyo picha: sisi watano, na mtu mwingine ndiye ameshika simu.

Nilimpigia mama. "Mje Jumapili saa sita. Klabu iko nyuma ya kanisa kubwa, kila mtu wa boda anaijua. Askari wa getini ana majina yenu."

"Majina yetu iko kwa askari?" mama akauliza.

"Yako, mama. Mtaingia tu."

"Haya, mwanangu. Sisi nakuja."

Jumapili nilifika saa nne, nikapangusa viti mwenyewe. Saa sita ikapita. Utaratibu wa pale ni kwamba meza haipewi chakula mpaka mkubwa wake afike na kunawa mikono. Basi wahudumu walikuwa wakipita na sinia, wakifika kwangu wananiangalia, wananiuliza kwa upole, "Mama bado?" Nami nasema bado kidogo.

Nilipiga simu ya mama, haikupatikana. Hilo halikunishangaza, simu yake huishiwa chaji kila mara, na wale wengine hawana.

Saa saba akaja mzee mmoja mwenye wajukuu wengi. "Binti, hii kiti iko na mtu?"

"Iko, mzee. Wako njiani."

Saa nane akaja mama mjamzito. Yule nilimpa, ningefanyaje. Kufika saa tisa, baada ya wengine wawili kuomba, nilikuwa nimebaki na viti viwili, cha kwangu na cha mama, na cha mama nilikuwa nimekiwekea mkoba ili watu waone kina mwenyewe.

Watoto walikuwa wanaruka na magunia. Mtangazaji alikuwa akiita familia moja moja zisimame watu wazione. Akafika kwangu. "Na sasa, familia ya fundi wetu."

Nikasimama na gauni langu la ndege weusi.

"Fundi, jamaa wako wapi?"

"Wako njiani."

"Barabara ya Koboko ni lami yote, bado hawajafika? Au wanakuja kwa miguu?"

Watu wakacheka, si kwa ubaya, na mimi nikacheka nao. Nikakaa. Baadaye wakaniletea sahani hata bila mkubwa wa meza. Nilimshukuru mhudumu, ila nilikula wali kijiko kimoja tu. Nikapiga picha za watu mpaka saa kumi na moja, nikaaga, nikaenda nyumbani kwa miguu.

Uwanja wa mbele ya chumba changu ulikuwa umefagiliwa. Alama za ufagio zilikuwa mbichi, zimepinda vizuri, kama mama anavyofagia. Mlangoni palikuwa na sufuria imefungwa kwa kitambaa.

Jirani yangu alikuwa anaosha vyombo nje. "We ulikuwa wapi? Wamama wanne wamekaa hapa tangu saa tano, nguo moja. Nilidhani ni kwaya."

"Walisema nini?"

"Walisema unakuja kuwachukua. Niliwapa mkeka. Hiyo kiti yako ya plastiki ya barazani niliwasogezea, wakakataa kukalia, eti ni ya mwenye nyumba. Wameondoka saa kumi, walisema boda za Kuluba zinawahi kuisha."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwetu mtu aliyealikwa haingii mwenyewe katika kikao cha watu. Anafika kwa aliyemwalika, anakaa, anapewa maji, halafu mwenyeji anatangulia mbele na wageni wanamfuata. Hata arusini, hata matangani. Nimekua nikiliona hilo, na mwaka mmoja wa kuandikwa majina getini ulitosha kunisahaulisha.

Mama alipopata chaji asubuhi yake alinipigia yeye. "Ulikula kuku?"

"Nilikula. Mama, klabu ilikuwa hapo karibu. Hata mngekuja tu."

"Tungeingia na nani?" Hakuwa na hasira. "Tulisema labda kazi imekushika. Shangazi yako alitaka kumtuma jirani, nikamwambia mtoto asisumbuliwe."

Nikaitazama ile sufuria yake. Jioni ya jana yake nilikuwa nimekaa mlangoni peke yangu na sufuria magotini, ugali wa muhogo na kuku wa mchuzi wa simsim, yaani ufuta, chakula cha watu watano. Nilimgawia jirani, bado kikabaki kingi. Kiti cha plastiki kilikuwa pale pale walipokiacha, kimeelekezwa kwenye mkeka. Sikukikalia. Nilikaa mkekani, mahali ambapo nadhani alikaa mama.

"Mama," nikasema, "mwaka kesho nitakuja Kuluba mwenyewe siku moja kabla. Nitalala huko. Asubuhi nitatangulia mbele."

"Hapo sawa," akasema. "Gauni naweka. Ila kwapani inabana kidogo."

"Nitaipanua."

Simu yake ikakatika. Nikaenda sokoni kufungua cherehani.