Diski Mikononi mwa Kiguunanjia

Mdogo wangu wa kiume tunamwita Kiguunanjia, na hatumsingizii. Ni fundi wa kompyuta, lakini ukimfuata dukani kwake utakuta kufuli. Akija kwako hakai. Chai anainywa amesimama mlangoni, funguo za pikipiki anazizungusha kidoleni mpaka unatamani umnyang'anye uzitupe dirishani. Mkewe anasema hata usingizini miguu inatembea. Watu wanacheka, mimi sicheki. Siku mama yetu anakata roho hospitalini, miaka sita iliyopita, nilizinduka kitini nikakuta kiti chake kitupu. Nilimshika mama mkono peke yangu. Sijamsamehe, na sijawahi kumuuliza alikwenda wapi, maana ukivuta tu pumzi ya kuuliza, yeye keshawasha pikipiki.

Lakini Jumamosi ile nilimpigia simu mimi mwenyewe, tena kwa sauti ya upole.

Mimi ni mwalimu wa watoto viziwi. Kwa miaka tisa nimewarekodi wanafunzi wangu wakionyesha maneno kwa ishara: maji, dada, naumwa, sitaki. Video mia nane na kumi na mbili, zote ndani ya kompyuta kuukuu ya ofisini. Mtoto mpya, ambaye kwao hakuna anayeweza kuongea naye, namkalisha mbele ya video hizo. Akiona mtoto mwenzake anaongea kwa mikono, macho yanamtoka, na siku hiyohiyo anaanza kujaribu. Sasa kompyuta ile ikafa. Nakala? Usiniulize habari za nakala, nimeshajitukana vya kutosha. Shule ikaleta kompyuta mpya, tupu kabisa, na Jumatatu watoto wapya kumi na mmoja walikuwa wanaingia.

Alifika saa nne asubuhi. Akafungua ile ya zamani kwa bisibisi, akachomoa diski, kibati kizito cha ukubwa wa kitabu kidogo. Akafungua ubavu wa ile mpya, akachungulia, akasonya.

"Dada, hii diski ni ya zamani mno. Inataka waya mpana, na huku hakuna pa kuuchomeka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tulia."

Yeye ndiye wa kuniambia mimi nitulie! Akatoa adapta mfukoni, akaunganisha, diski akaiacha mezani. Ikalia kat, kat, kat. Ujumbe ukatokea kwenye skrini: diski haisomeki, je, unataka kuifomati? Mimi mwalimu, nikiulizwa swali najibu. Nikaona "ndiyo", kidole kikaenda.

"Usiguse!" Alipiga kelele mpaka mlinzi wa shule akachungulia dirishani. "Ukibonyeza hapo imekula kwako! Inafuta kila kitu!"

Nikaficha mkono mgongoni kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

Akaichomoa diski, akaichomeka. Akatoka nje, akarudi, akatoka tena. Nikasema moyoni, ndio basi, keshakwenda huyo. Nikaanza kuizunguka meza kama yeye. Aliporudi aliinua diski mkononi, akailaza kwa ubavu, akaiinamisha kidogo, na ule mlio mbaya ukakoma. Ikaanza kukwaruza taratibu, mlio wa kazi. Majina ya video yakajaa skrini. Nilipiga kigelegele peke yangu.

"Nakili haraka," akasema.

Nikazivuta zote. Kompyuta ikasema itachukua saa moja na dakika ishirini. Akajaribu kuiegemeza diski kwenye rundo la madaftari, kat, kat. Akairudisha mkononi, ikasoma. Tukatazamana.

"Basi kaa," nikamwambia.

"Dada, mimi nina wateja wananingoja..."

"Kaa!"

Akakaa, kwenye kiti cha mwanafunzi, viwiko magotini, diski viganjani, skrini akaipa mgongo kwa sababu waya mfupi haukumruhusu kugeuka. Hazikupita dakika kumi goti likaanza kuruka. Kat! Nikalikandamiza kwa mkono wangu. Nikamfuta jasho. Nikamnywesha chai, mtu mzima mwenye ndevu.

"Imefika wapi?"

"Mia saba na kitu."

"Niongeleshe basi, dada, nisahau. Mwili wote unaniwasha."

Nikapiga moyo konde. "Siku ile ya mama, ulikwenda wapi?"

Goti likaruka. Nikalishika. Hakuwa na pa kukimbilia, na alijua.

"Ndio unaniuliza leo?"

"Nikuulize lini tena?"

Akainamisha kichwa, video kama thelathini zikapita.

"Mama alisema anasikia joto," akasema. "Wewe ulikuwa umesinzia. Akanituma nikatafute feni. Nikaipata kwa manesi, mbovu, nikakaa koridoni naitengeneza. Waya tu ulikuwa umekatika, dada. Waya tu. Nikaja nayo imepona, nikakuta mmeshamfunika, nikaiacha koridoni." Akaikazia macho diski. "Kutulia sikutulia toka utotoni, unanijua. Ila tangu siku ile, nikikaa mahali naona kuna mtu ananisubiri kwingine na mimi nachelewa."

Miaka sita nimemnunia mtu aliyekwenda kumtafutia mama upepo. Niliona haya, nikaanza kulia.

"Usilie, utanitikisa," akasema.

Nililia hivyohivyo, goti lake nimelishika. Nilipoinua macho, skrini ilikuwa inasema zote mia nane na kumi na mbili zimehama. Nikafungua ya mwisho bila yeye kujua, kwa kuwa video zangu hazina sauti. Msichana mdogo akaonyesha "maji" kwa mikono yake miwili, akacheka.

"Imefika wapi?"

"Bado," nikasema. "Bado kidogo."

Fundi mzima, mkwaruzo umekoma viganjani mwake, asijue? Hakugeuka kutazama.

"Haya," akasema, akajiweka vizuri kitini.