Pete ya Mervyn na Mstari wa Kumi na Nne

Kambi yetu ya kutafuta dhahabu, mashariki mwa mji wa Laverton, ilikuwa na sheria nyingi za karatasi ambazo hakuna aliyezisoma, na sheria moja ya kopo ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Kopo lenyewe lilikuwa la tumbaku, limening'inizwa kwenye msumari mlangoni pa karavani ya sampuli. Kila anayekwenda porini kuchota udongo, avue pete, mkufu, hereni na saa, atie humo. Anayetafuta dhahabu havai dhahabu. Maabara ya Kalgoorlie wanapima chembe ambazo jicho halizioni, na pete ikikwaruza chekeche mara moja tu, basi umewapelekea habari za sonara, siyo habari za ardhi.

Aliyepigilia msumari ule ni Mervyn Pascoe, na alikuwa mkali, weee! Mwaka mmoja alimrudisha mjini msichana wa chuo kikuu aliyegoma kutoa kipini cha puani. Msichana alilia, akatukana, akasema ataandika barua. Mervyn akamfungulia mlango wa gari.

"Kipini chako kizuri, mwanangu," akamwambia. "Ila kitatuchimbisha shimo la bure."

Kwa miaka thelathini na mmoja mtu huyu alitembea mstari baada ya mstari kwenye mawe ya kijani ya nchi hii, mita mia, simama, chimba hadi kiwikoni, chekecha, jaza bahasha ya karatasi, andika namba, tembea tena. Nzi machoni, majani ya miiba kwenye soksi. Hakuwahi kupata dhahabu yake mwenyewe, hata ya kuziba jino. Alichopata ni jina. Kutoka Leonora hadi Wiluna wajiolojia walikuwa wakisema sampuli za Merv hazirudiwi, na yeye akisikia hivyo alikuwa anajifanya anafunga kamba za viatu.

Kisha Agosti mkewe Valda akafa. Walioana Mervyn akiwa na miaka kumi na tisa, na miaka yote ya kazi pete yake ya ndoa ililala koponi mchana na kurudi kidoleni jioni. Tulimzika Laverton, siku ya vumbi. Septemba Mervyn akarudi kazini, na asubuhi ya kwanza akalipita lile kopo kama halioni.

Cedric alimwona. Cedric ndiye aliyekuwa mwenzake wa gari kwa miaka kumi na miwili. Ile ni nchi ya mababu zake, na mdomo wake haujawahi kupata likizo.

"Mzee, kopo linakuita."

"Haitoki. Kifundo kimevimba."

"Kimevimba?"

"Uzee, bwana. Ngoja na wewe ufike. Nitasugua udongo kwa mkono wa kulia peke yake, huu wa kushoto ukae mbali. Umeridhika?"

Cedric akakitazama kile kidole. Hakikuwa kimevimba hata kidogo, kilikuwa kimekonda kama mwenyewe alivyokonda. Akafungua mdomo, akaufunga, akawasha gari. Sisi tunaomjua Cedric tungejua palepale kuwa kuna jambo.

Sasa sikiliza mambo yalivyokuwa. Kampuni ilikuwa ndogo na mfuko wake ulikuwa unakwangua chini. Wakubwa wake wa Perth walikuwa wamekodi mashine ya kuchoronga mashimo marefu ardhini kwa siku kumi tu, na ingechoronga mahali pamoja tu. Ikikosa, kambi inafungwa kabla ya Krismasi na watu tisa wanakwenda kutafuta kazi kwenye joto la Desemba. Danica, mjiolojia wetu, mjukuu wa wakata kuni wa zamani wa Kalgoorlie, alikuwa na mahali pake moyoni: Kilima Cheusi. Dalili zake zilikuwa hafifu, lakini zilitanda vizuri, na mawe yake yalimpendeza. Wakubwa hawakuwa na haja na mawe ya kumpendeza mtu. Walitaka namba.

Namba zikaja Jumatatu moja ya Novemba. Danica alitoka ofisini anakimbia, kiatu kimoja mguuni.

"Mstari wa kumi na nne! Merv! Bahasha arobaini na moja zenye dhahabu, mfululizo! Arobaini na moja!"

Kambi ikalipuka. Mpishi akatoa nyama aliyokuwa anaificha kwa ajili ya sikukuu. Danica akamkumbatia Mervyn mpaka kofia ikaanguka.

"Zingekuwa za mtu mwingine ningezitilia shaka," akasema. "Lakini hizi ni zako."

Mzee alicheka kama kijana. Miaka thelathini na mmoja! Alitamani Valda angekuwepo ampigie simu, asikie akimwambia, "Haya, umepata, sasa njoo nyumbani."

Baada ya chakula akaenda kufungua daftari lake la porini, apange vigingi vya mashine. Ndipo raha ikamtoka. Dhahabu haikuanza mwanzo wa mstari wa kumi na nne. Ilianzia katikati, kwa ghafla, kwenye bahasha ya kwanza ya siku ya Jumanne. Ikaendelea Jumatano, ikavuka kwenye mstari wa kumi na tano, ikakatika Alhamisi jioni. Ijumaa, mita mia mbele, hakuna kitu. Na ardhi haina Jumanne wala Alhamisi.

Kando ya ile Jumanne kulikuwa na maneno matatu kwa mwandiko wake mwenyewe: "Kulia kumeungua. Birika."

Akakumbuka yote. Birika lilimpindukia asubuhi ile, Cedric akamfunga kitambaa mkono wa kulia, na kwa siku tatu akasugua mabonge ya kokoto kwenye chekeche kwa mkono wa kushoto. Mkono wenye pete. Alijiambia ataangalia, atatumia vidole tu, pete haitagusa waya. Akaigeuza pete kwenye mwanga. Upande wa chini ulikuwa umekwaruzika mistari mipya, inang'aa.

Ee Mungu wangu. Mervyn Pascoe, mwenye kopo!

Asubuhi hakunywa chai. Alimkuta Cedric akipuliza kichujio cha hewa cha gari.

"Ulijua?"

Cedric hakuuliza alijua nini. "Nilihisi jana, waliposema arobaini na moja. Nikahesabu siku."

"Na ile siku ya kwanza, mbona hukuniambia niivue?"

"Ningekuambiaje, Merv? Mtu katoka kumzika yule mama, mimi nimwambie avue pete?" Kwao jina la marehemu halitamkwi ovyo, na tangu mazishi hakulitaja hata mara moja. "Sheria ni ya kwako. Nikasema labda mwenyewe anajua anachofanya."

"Sikujua."

"Basi mashine inafika Ijumaa. Ukinyamaza, mimi nimenyamaza. Mashimo matupu yako mengi nchi hii, nani atashangaa?"

Na ni kweli, nani angeshangaa? Wangechoronga, wangekosa, wangesema ardhi imewadanganya, na jina la Merv lingebaki safi hadi kaburini. Nisingemlaumu. Ningekuwa mimi, sijui. Mervyn alisimama pale huku nzi wanamtembea usoni, hawafukuzi, kisha akaelekea ofisini na daftari mkononi.

Danica alimsikiliza mpaka mwisho. Masikio yake yakageuka mekundu.

"Wewe," akasema. "Wewe wa kopo! Ulimfukuza yule binti kwa kipini cha puani, Merv. Kipini! Nimeshawaambia Perth. Wameshaitangaza kwa wenye hisa. Na Kilima Cheusi changu nilikitupa kwa ajili ya pete yako!"

"Ndiyo."

"Sasa nitawaambia nini? Niseme maabara wamekosea?"

"Hapana. Maabara hawakukosea. Andika jina langu. Andika Mervyn Pascoe alivaa pete."

Danica alikuwa na hasira, lakini hakuwa na roho mbaya. Akakiangalia kile kidole kilichokuwa juu ya meza.

"Na haitoki kweli?"

"Kifundo."

"Umejaribu sabuni?"

Mervyn hakuwahi kujaribu. Tangu siku ya mazishi hakuwahi hata kuivuta.

Akatoka, akaenda kwenye beseni la kunawia nyuma ya jiko. Akachukua kipande cha sabuni, akalowesha mkono, akashika pete. Haikumpa kazi yoyote. Iliteleza yenyewe, ikapita kifundo, ikaanguka kwenye maji machafu, tii. Mzee akashika ukingo wa beseni kwa mikono miwili akalia, analia kwa sauti, na mpishi mle jikoni akaongeza sauti ya redio ili sisi wengine tusisikie. Tulisikia.

Barua ilikwenda Perth ikiwa na jina lake, kama alivyotaka. Walimtukana kwa simu, wakamtukana Danica pia, na kwa kuwa hawakuwa na namba nyingine ya kung'ang'ania, mashine ikapelekwa Kilima Cheusi. Mervyn na Cedric wakairudia ile mistari, bahasha kwa bahasha, pete ikiwa koponi. Majibu yakarudi matupu, yote arobaini na moja. Kilima Cheusi kikatoa kidogo, siyo cha kupigia ngoma, ila kilitosha kambi kuamka tena mwaka uliofuata. Danica akamwandikia Mervyn mkataba mpya kwa mkono wake. Akasema anamtaka mtu anayejua jinsi kosa linavyofanana na bahati.

Lakini jina, hilo lilikwisha. Huko Leonora sasa vijana wakifika mlangoni pa karavani huwa wanaambizana, "Vua hiyo, usije ukafanya Pascoe." Mervyn analisikia. Hajifanyi tena kufunga viatu.

Kabla ya Krismasi maabara wakarudisha mabaki ya zile sampuli za kwanza, arobaini na moja, udongo uliosagwa laini kama unga, na chembe za pete ndani yake, kwenye vibahasha vidogo. Yalikuwa ya kutupwa tu. Danica akaviweka kwenye sanduku la viatu, akampa.

"Hivi havina faida kwa kampuni," akasema. "Naona ni vyako."

Cedric akampeleka Laverton, akaegesha nje ya uzio wa makaburi, akabaki ndani ya gari. Mervyn akachuchumaa kwa Valda. Akafungua kibahasha cha kwanza akakimimina juu ya kaburi, akakunja karatasi, akafungua cha pili, mpaka vyote vikaisha. Aliomba radhi, akamweleza habari ya birika. Kisha akakumbuka kuwa kwa miaka thelathini na mmoja alimwahidi kila alipoondoka kwamba safari hii atarudi na dhahabu.

"Haya, mama," akasema. "Ndiyo hii."

Alipoingia garini mikono yake ilikuwa myekundu kwa vumbi, na kidole cha kushoto kikiwa na alama nyeupe pale pete ilipokaa. Cedric akampa chupa ya maji anawe. Mervyn akasema acha kwanza, atanawa wakifika kambini.