Shuka Nililolitundika Chini ya Bati

Nina tabia ambayo mama huiita ugonjwa: siwezi kumpokea mgeni mahali penye kasoro. Shule niliishia darasa la nne. Kuandika nilijifundisha mwenyewe kwa kunakili magazeti ya zamani, na hadi leo nikikosea neno moja naanza ukurasa upya. Naisema tabia hiyo mapema kwa sababu kidogo imponze mtu mwingine, si mimi.

Mpanda tulikuwa tumeingizwa juzijuzi katika mkoa mpya wa Rukwa, nami nilikuwa mhudumu kwenye makazi ya wazee, nje kidogo ya Shanwe. Chumba kimoja kilikuwa cha askari watano waliopelekwa Burma na mkoloni, wakarudi, wakazeeka bila mtu wa kuwatunza. Serikali ndiyo iliyowalisha na kuwavisha. Niliyemzoea zaidi alikuwa Mkonongo mmoja mwenye mguu mmoja. Kwa umri nilikuwa mjukuu wake, kwa hiyo aliniita mke wake, kama babu wafanyavyo.

Bati la juu ya kitanda chake lilikuwa limeoza. Masika yaliyopita alilowa mara nyingi, akashikwa na kifua, na mganga wa hospitali alituambia wazi kwamba mzee huyu akilowa tena mwaka huu hatapona. Tuliandika barua. Jibu likaja kwamba atafika afisa wa ustawi kutoka mkoani kukagua. Atakachokiandika ndicho kitakachotengewa fungu.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi sikulala siku tatu. Nilipiga deki, nikapaka kuta chokaa, nikaenda misheni kuwaomba masista magodoro matano na mablanketi ya kuazima. Lakini kila nilipoinua macho niliona matundu ya bati, na jua likipenya na kudondosha vidoa vya mwanga sakafuni. Niliona aibu. Nikachukua shuka jeupe, nikalitundika kwa misumari chini ya bati, likawa kama dari.

Babu alikuwa ananitazama akiwa kitandani.

"Mke wangu, nyumba umeipamba. Unaolewa na nani mwingine?"

"Anakuja mkubwa, babu. Unataka aone uchafu?"

"Nataka aone tundu. Jeshini aliyeficha buti bovu siku ya ukaguzi alitembea nalo hilohilo mpaka Burma."

"Hapa si jeshini," nilimjibu, nikaendelea kunyoosha shuka. Sijui kwa nini sikumsikiliza. Au najua: nilidhani kusifiwa na kusaidiwa ni kitu kimoja.

Afisa alikuja asubuhi. Alikuwa mtu mpole, amevaa suti ya Kaunda iliyojaa vumbi la safari. Alibonyeza godoro, akashika blanketi, akatazama juu, akaona shuka jeupe.

"Dada, hongera," alisema. "Nimezunguka makazi mengi. Haya ni ya mfano."

Nakiri kwamba nilifurahi. Nilifurahi mpaka masikio yakapata moto. Nikamwona anaandika kwenye karatasi yake, nami kwa kuwa nimezoea kusoma maandishi yaliyopinduka, nikasoma: mabati, hapana, magodoro, hapana. Hata hapo nilinyamaza. Wazee nao walinyamaza, kwa sababu yangu, wasinivunjie heshima mbele ya mgeni. Babu alikohoa tu, akageukia ukutani.

Afisa aliaga. Dereva alikuwa amekwisha kuwasha Landrova ndipo nilipokimbia, nikashika mlango.

"Magodoro si yetu," nilisema. "Na mablanketi. Tumeazima misheni. Na lile shuka nimelitundika mimi."

"Shuka lina nini?"

"Njoo uone."

Alirudi ndani. Nilipanda kwenye kiti, nikang'oa misumari kwa mkono mpaka kidole kikachanika. Shuka likaanguka, na vidoa vya jua vikamtapakaa afisa kifuani na usoni. Akainua macho kwenye matundu. Mimi nilikuwa nalia. Nilijua kudanganya mkaguzi ni kosa la kufukuzwa kazi.

"Afadhali," babu alisema kutoka kitandani. "Nilidhani nimeoa bubu."

Wazee walicheka, na afisa naye akacheka kidogo. Kisha akaniambia maneno ambayo namshukuru kwayo hadi leo. "Dada, sikutoka Sumbawanga kuja kukagua usafi wako. Nimekuja kujua wazee hawa wamekosa nini. Kaa hapa, unitajie."

Nikamtajia. Alikata alichokuwa ameandika, akaandika upya palepale, karatasi ikajaa michirizi ya wino, wala hakuibadilisha. Sikufukuzwa.

Mabati yalifika kwa treni siku chache kabla ya Krismasi, pamoja na magodoro yenye mhuri wa serikali. Nawashukuru masista walioniazima bila kuniuliza, nawashukuru watu nisiowajua waliokaa ofisini wakakumbuka kwamba hapa Mpanda kuna askari watano. Mvua kubwa iliponyesha, nilikimbilia chumbani kwa mazoea, nimebeba ndoo mbili. Nikasimama katikati ya chumba. Sakafu ilikuwa kavu pande zote.

Babu alifumbua jicho moja. "Mke wangu, umekuja kuchota maji kwangu? Nenda kisimani."

Akavuta blanketi, akalala.