Sandarusi Iliyoshika Chaji

Miaka ya mwanzo ya uhuru nilipewa kufundisha sayansi katika shule moja ya Msambweni. Nilikuwa msichana, nimetoka chuoni juzi tu, na baadhi ya wazee walimwuliza baba kwa upole kama hakupatikana mwalimu mwanamume. Baba, fundi seremala, aliwajibu kwamba hilo wakawaulize wanafunzi wangu.

Somo lililonishinda kwanza lilikuwa la chaji ya umeme. Kitabu kilisema kioo kikisuguliwa kwa hariri kitavuta vipande vya karatasi. Nilisugua hadi mkono ukaniuma, karatasi hazikutikisika. Ilikuwa masika, hata chaki zilikuwa na majimaji. Wanafunzi hawakunicheka, waliangalia chini, na hilo liliniuma zaidi.

Jioni nilifukiza nguo zangu udi. Nilipoinyanyua shumizi ya nailoni, kavu na yenye joto, ilinigandama mkononi na kutatarika. Nikasimama pale pale. Kumbe hata darasani chaji ilikuwapo, ila unyevu uliotanda juu ya kioo uliipa njia ya kutoroka kabla sijaiona.

Nikamwomba baba kipande cha sandarusi, ule utomvu mgumu wa rangi ya asali aliokuwa akitengenezea vanishi ya milango. Nilipomweleza kazi yake, alichagua kilicho safi kuliko vyote, akakifuta kwa pindo la kanzu.

Kesho yake niliingia darasani na jiko la makaa. Nilikausha sandarusi, kitambaa cha sufu, na chupa ya jamu niliyoziba kwa nta ya mshumaa. Katikati ya nta nilikuwa nimepitisha waya wa shaba, na chini yake zikaning'inia karatasi mbili nyembamba za fedha za pakiti ya sigara. Nikasugua sandarusi, nikaipangusa kwenye waya. Karatasi zikaachana, zikabaki zimeachana. Mwanafunzi mmoja alipougusa waya kwa kidole, zikaanguka.

Niliwaeleza kwamba chaji za aina moja husukumana, kwamba shaba huziacha zikimbie, na sandarusi huzishika pale pale zilipotua. Msichana wa dawati la mbele akainua mkono.

"Mwalimu, hakuna kitu cha katikati?"

Sijasahau furaha niliyoipata kwa swali lile. Nikamjibu kwamba kipo, kisichoziacha chaji wala kuzishika kabisa, na ndicho kinachofanya kazi ndani ya redio ya transista.

Nyumbani nilimsimulia baba. Wiki iliyofuata akaja shuleni na redio yake, ameifunga kwa kikoi, ile ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Darasa zima lilimwamkia shikamoo. Akafungua mgongo wa redio kwa bisibisi yake mwenyewe, nami nikawaonyesha zile transista, ndogo kama punje za mahindi, nikaeleza jinsi chaji chache zinazoingia mguu mmoja zinavyofungulia njia chaji nyingi.

Kisha baba akaomba kusugua sandarusi kwa mkono wake. Karatasi zikaachana. Aliziangalia kwa muda mrefu, halafu akaligeukia darasa.

"Huyu ni binti yangu," akasema.

Wote walilijua hilo, lakini hakuna aliyecheka.

Nilimsindikiza hadi nje ya msikiti, walipokuwa wamekaa wale wazee. Akaanza kuwaeleza habari za chaji, akichanganya shaba na sandarusi. Nilisimama kando yake, nikamwacha aendelee.