Jino la Maji ya Mhunze

Mpini wa winchi ulinitoka mkononi kwenye machimbo ya Geita, ukalipeleka jino langu la mbele shimoni. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kucheka nimeziba mdomo. Wachimbaji wenzangu walinishauri niweke la dhahabu, eti mali si tunayo. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: nicheke tena mbele ya mama bila kiganja. Nilimficha hivi kwamba hakuwahi kuona pengo lenyewe liko wapi.

Kwetu Mhunze maji ya kisima huyatia meno rangi ya kahawia tangu utotoni. Ndiyo rangi yangu, ya mama, ya ukoo mzima.

Kliniki moja mjini Shinyanga ilinipandikiza skrubu kwenye taya. Mfupa ulipoishika vizuri, daktari, dada niliyemzidi umri, alipitisha kamera ndogo mdomoni, meno yangu yakatokea kwenye kompyuta makubwa kama mawe. Mashine ikachonga kofia ya jino papo hapo. Akaijaribu mdomoni, akanipa kioo. Nyeupe pe!

"Umependeza, kaka."

"Sijapendeza. Hilo ni la mtu mwingine."

"Watu wanakuja hapa kuikimbia hiyo rangi. Hayo mengine tutayang'arisha."

Damu ikanipanda. Nikamwambie mama kwamba meno yetu ni uchafu?

"Ipake rangi yangu au uitoe, nirudi na pengo langu!"

Naye hakuwa mnyonge. Alisema ikishaingia tanuruni kuchomwa rangi ishike hakuna kurudi nyuma, nisije nikamlilia. Akaipaka kwa brashi nyembamba, mstari kwa mstari, jicho kwenye picha ya meno yangu. Kisha akaitia tanuruni. Je, kama likitoka kama jino bovu?

Alipoikaza sikuomba kioo. Niliogopa. Nilimpigia mama simu kwamba nimewekewa jino, nikasafiri hadi Mhunze nimefunga mdomo.

Mama alikuwa anapepeta mtama. Nilimwamkia, kiganja kikapanda chenyewe. Akakishusha, akanifunua mdomo kama anayenunua mbuzi.

"Lipi, ng'wanawane, mwanangu?"

"Tafuta, mama."

Akatafuta mpaka nikaanza kuogopa upya. Mwisho akaligonga moja kwa ukucha.

"Hili. Wamekuibia, mbona limeshachakaa?"

Lilikuwa langu la asili. Nilicheka kwa sauti; kiganja kilipotaka kupanda, yeye alikuwa ameshaishika mikono yangu yote miwili.