Mirathi ya Sauti Arobaini

Mama aliniita kabla sijamaliza chai. "Njoo utazame. Baba yako amebaki vipande vitano."

Alikuwa kwenye eda, mwezi wa pili, hatoki nje ya nyumba yetu ya Mitwero. Baba alituachia sauti arobaini alizojirekodi kwa simu: visa vya ujana, dua, vichekesho vya Kimwera. Nilizihifadhi kwenye kompyuta yangu ya chumba cha uani, inayotumia Linux. Laptopu ya mama ni ya Windows, na mifumo hiyo miwili haielewani mpaka ipate mkalimani. Nikaweka Samba, programu ya kufungulia wengine folda kwa mtandao wa nyumbani, na mama akawa anaiona folda yangu kama iko kwake. Kila asubuhi alisikiliza sauti moja tu, ile inayoanza kwa kikohozi, ambayo baba, hoi kitandani, anasema: "Mke wangu, niko radhi nawe. Sina kinyongo hata chembe." Walikuwa wamenuniana miaka miwili. Ana kwa ana hakuwahi kumwambia.

Sasa zilibaki sauti tano, na hiyo haimo.

"Nani kagusa?"

"Kaka yako alikaa hapa jana na flashi zake."

Nilimkuta kaka yetu mkubwa sebuleni, nikamvaa bila shikamoo. "Sauti za baba umezifanya nini?"

"Nimezigawa," akajibu kwa utulivu ulionizidishia hasira. "Arobaini ya msiba imepita, nguo zimegawiwa, sauti je? Mama ana thumni yake, moja ya nane: tano. Mimi kumi na nne, mdogo wetu kumi na nne, wewe mtoto wa kike saba. Fungu lako hilo mezani."

Hakunakili. Alikata akabandika, kwa kufuata orodha bila kusikiliza, maana kwake mali ya marehemu ikishatoka imetoka. Folda ilimruhusu, kwa sababu kwa uvivu wangu niliacha kila anayeingia asome na aandike. Na kinachoondolewa kwa njia ya mtandao hakipiti kwenye pipa la taka la kompyuta ambako ungekiokota. Nakala ya akiba sikuwa nayo, mimi ninayefundisha watoto wa watu kompyuta. Mganga hajigangi. Nilijichukia.

Nikachomeka flashi yangu: haimo. Ya kaka: haimo. Basi alikuwa nayo mdogo wetu, aliyepanda basi la alfajiri kurudi Miteja.

"Ulimwambia ndani mna nini?"

"Nilimtilia mfukoni akikimbilia basi. Nikasema tutaongea."

Mdogo wetu namjua: flashi ikimfika mkononi huipeleka kwa fundi simu ifutwe, ijazwe muziki.

Nikapiga. Hapatikani. Nikapiga tena, na tena. Mama alisimama mlangoni na nguo zake nyeupe za eda, midomo inasoma dua. Karibu na adhuhuri simu ikaita.

"Shikamoo dada. Niko kwa fundi hapa, nimekuta flashi mfukoni sijui ya nani..."

"Chomoa! Isifutwe!"

"Ameshaichomeka, ndo anataka kui..."

"Mwambie aache! Ni sauti za baba!"

Nikamsikia akimfokea mtu. Kisha akarudi kwenye simu. "Zipo, dada," akasema. "Hajazigusa."

Nikamwambia afungue moja moja karibu na simu. Ya kwanza, dua. Ya pili, vichekesho. Ya tatu ilianza kwa kikohozi, nikampa mama simu kabla baba hajatamka neno. Aliibana sikioni kwa mikono miwili, akakaa sakafuni.

Nilipopata pumzi nikamgeukia kaka. "Ungenakili tu! Nakala haipunguzi kitu. Kila mmoja wetu angepata zote arobaini, na za mama zingebaki pale pale arobaini!"

Kaka yangu huyu hakudondosha chozi hata makaburini. Aliitazama flashi yake iliyokuwa bado mkononi mwangu.

"Jana kutwa nimehesabu nisije nikamdhulumu mtu," akasema. "Nikaona aibu kuchukua nyingi kuliko mama." Akanitazama. "Kwa hiyo baba angetutosha sote?"

Nikasema ndiyo. Ndipo akalia, na maneno makali niliyomwekea yakaniishia mdomoni.